Raki za ghala: mzigo na sakafu kwanza, bei baadaye

Mtu akikodi ghala Unga Limited au Njiro hapa Arusha, au akijenga stoo yake pembezoni mwa Moshi, swali la kwanza analompelekea muuzaji huwa lile lile: raki ya futi kumi na mbili ni shilingi ngapi? Wanapatana bei, fuso linashusha vyuma, mafundi wanafunga. Miezi michache baadaye nusu ya mzigo umerudi sakafuni, kwa sababu hauenei, au hautoki bila kuhamisha mwingine, au raki imeanza kuegemea upande na mtunza stoo anaogopa kupita chini yake.

Kimo na bei vinapaswa kuja mwishoni. Kabla yake kuna maswali manne. Mzigo una uzito gani? Una umbo gani? Unatoka kwa mpangilio upi? Na nani, au nini, kitaunyanyua? Ukiyajibu hayo kwa ukweli, aina za raki zinazokufaa hubaki moja au mbili. Halafu kuna swali la tano ambalo wengi hawaliulizi kabisa, nalo ni sakafu. Nitalifikia, maana ndilo linalonipa wasiwasi zaidi ninapoona raki ndefu zikisimamishwa kwenye majengo ambayo hayakujengwa kwa kazi hiyo.

Anza na mizani

Watu hukadiria mzigo kwa macho, na macho hudanganya. Chaga moja, yaani jukwaa la mbao la kupangia mzigo (pallet), yenye mifuko 20 ya kahawa ya kilo 60 ni kilo 1,200. Chaga ileile ukiipanga mifuko 40 ya saruji, mitano mitano kwa safu nane, umefika kilo 2,000, na rundo la saruji ndilo linaloonekana dogo. Gunia la mahindi huhesabiwa kilo 100, lakini kama limefungwa lumbesa hesabu hiyo haina maana tena. Lipandishe kwenye mizani ndipo uandike. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7, hivyo nondo mia moja tu, ambazo zikilazwa pamoja ni kafungu kadogo, zimezidi tani moja.

Uandike uzito wa chaga nzito kuliko zote utakazowahi kuweka pale. Wastani haukusaidii kitu, kwa sababu raki haivunjiki siku ya wastani. Inavunjika siku ile kontena limeingia usiku, vibarua wamechoka, na kila kitu kimewekwa mahali palipo karibu.

Kuhusu anayenyanyua, hapa kwetu jibu mara nyingi ni mabega ya watu. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55. Gunia la kilo 100 ni karibu mara mbili ya hapo. Sasa mtu mwenye gunia hilo kichwani umwambie alipandishe ngazi ya tatu ya raki, mita mbili na nusu juu, amesimama kwenye ngazi ya kupandia ya mbao? Kama huna foklifti wala mpango wa kuwa nayo, raki ndefu ya chaga ni chuma cha kupendezesha ukuta. Kuna vitu vingine vya kununua kwa fedha hiyo.

Magunia: pengine huhitaji raki

Mkoa wa Kilimanjaro umehifadhi kahawa kwenye magunia tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na Arusha ni njia ya mahindi, maharage na vitunguu vinavyoshuka kutoka Karatu na Mbulu. Mwenye ghala la nafaka akiniuliza anunue raki gani, mara nyingi namshauri asinunue yoyote. Anunue chaga nzuri, na fedha zinazobaki azitie kwenye paa lisilovuja.

Sababu ya kwanza ni wadudu. Nafaka inayokaa miezi italazimika kufukizwa dhidi ya fukusi na dumuzi, na ufukizaji wa kweli, ule wa vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini, unahitaji rundo zima lifunikwe kwa turubai lisilopitisha hewa, kingo zake zikandamizwe sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga, na libaki hivyo siku kadhaa. Rundo la mraba lenye njia pande zote linafunikika vizuri. Magunia yaliyotawanywa kwenye raki yenye nguzo, boriti na vyuma vya mshazari hayafunikiki. Turubai linachanika kwenye kona za chuma, gesi inavuja, wadudu wanabaki hai, na aliye hatarini zaidi ni mtu anayelala ofisini pembeni. Gesi hiyo inaua watu vilevile. Kazi hiyo apewe mwenye leseni.

Sababu ya pili ni unyevu, na dawa yake ni ya bei nafuu. Zege linapitisha unyevu kutoka ardhini hata kama juu linaonekana kavu, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, gunia lililolazwa moja kwa moja sakafuni linaanza kuota ukungu kwa chini wakati juu bado ni zuri. Chaga inayoliinua sentimita kumi hadi kumi na tano inaruhusu hewa kupita. Acha pia nafasi kama mita moja kati ya rundo na ukuta. Wafanyabiashara hulalamika kwamba nafasi hiyo ni hasara, lakini ndiyo njia ya kukagua panya, kupiga dawa na kupitisha turubai. Tena magunia yaliyoegemezwa ukutani huusukuma ukuta, na ukuta wa bloku haukujengwa kusukumwa kutoka ndani.

Kupanga kwenyewe kuna ufundi. Safu moja ilazwe kwa urefu, inayofuata kwa upana, ili magunia yafungamane kama matofali ya ukuta. Magunia ya katani yanashikana. Yale ya plastiki yanateleza, kwa hiyo rundo lake lisiwe refu kama la katani, na kingo zake ziingie ndani kidogo kila linavyopanda. Mifuko ya saruji isizidi kumi kwenda juu, kwa kuwa ile ya chini hukandamizwa ikaanza kushikana kabla ya kuuzwa. Vitunguu havitaki rundo refu hata kidogo. Vinataka upepo, na kwa vitunguu kichanja cha mbao chenye nafasi katikati ya mbao kinashinda raki yoyote ya dukani.

Neno moja juu ya kahawa: inanyonya harufu. Usiiweke chumba kimoja na mafuta, matairi wala dawa za mimea.

Katoni na vipuri: shelfu za mkono

Duka la vipuri, stoo ya dawa za binadamu, ghala la vifaa vya utalii lenye mahema na majiko ya kambi, au msambazaji wa vipodozi anayehudumia maduka ya soko la Kilombero, Arusha: hawa wanachukua kitu kimoja kimoja kwa mkono. Wanachohitaji ni shelfu za ngazi pana, zile zenye boriti zinazopachikwa kwenye matundu ya nguzo bila bolti, na juu yake mbao au mabati. Upana wa ngazi moja hufika mita mbili au zaidi, na kina sentimita 45 hadi 90 kutegemea katoni zako. Pima katoni kabla ya kuchagua kina. Katoni ya sentimita 40 kwenye shelfu ya sentimita 60 inaacha sentimita 20 za kufugia vumbi, na baada ya muda mtu atasukumia humo katoni nyingine nyuma, ambayo haitakumbukwa hadi imeisha muda wake wa matumizi.

Vizito vikae kati ya goti na kifua. Vyepesi na visivyoulizwa mara kwa mara vikae juu. Vinavyotoka kila siku viwe karibu na mlango. Mpangilio huu peke yake huokoa muda mwingi kuliko shelfu ya gharama.

Hapa ndipo fundi wa kuchomelea anapoingia, na sina ubaya naye. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri, na shelfu ya engo na mbao iliyochomelewa mtaani inaweza kufanya kazi miaka mingi. Tatizo ni kwamba haina namba. Mwenye stoo anauliza, "Fundi, ngazi moja itabeba kilo ngapi?" Fundi anajibu, "Mama, hii ni chuma, weka chochote." Hakuna chuma cha kuwekea chochote. Shelfu ya kiwandani inauzwa pamoja na kiwango cha uzito kwa kila ngazi, na kiwango hicho kina sharti ambalo wanunuzi hulipita: uzito uwe umesambaa sawasawa. Ngazi iliyoandikwa kilo 300 inabeba katoni 30 za kilo kumi zilizoenea toka upande hadi upande. Injini moja ya kilo 300 iliyowekwa katikati ni mzigo mwingine kabisa. Nguvu inayoipinda boriti hapo katikati huwa mara mbili ya ile ya uzito uleule ukitandazwa.

Kama umeshachagua ya fundi, fanya hivi. Mwambie aweke vyuma vya mshazari nyuma na pembeni, kwa sababu fremu ya pembe nne isiyo na mshazari inalala upande hata kama kila kona imechomelewa vizuri. Kisha ijaribu kwenye ngazi ya chini kabisa. Vuta uzi uliokaza toka nguzo hadi nguzo, ukigusa boriti kwenye ncha zake mbili. Panga mifuko yenye uzito unaoujua, mmoja mmoja, ukipima kwa rula nafasi inayojitokeza katikati, kati ya uzi na boriti. Kipimo kinachotumika kwenye raki za viwandani Ulaya ni kwamba boriti isibonyee zaidi ya sehemu moja ya 200 ya urefu wake. Boriti ya mita mbili, basi, isizidi milimita 10. Ukifika hapo simama, na uandike uzito mdogo kuliko huo. Jaribio hili linakuambia habari za boriti tu. Kwa nguzo na michomo unahitaji jicho la mhandisi, hasa shelfu ikizidi kimo cha mtu.

Dawa za mimea zina sheria zake. Arusha ina maghala mengi ya pembejeo, na mamlaka inayosimamia viuatilifu, TPHPA, ina makao yake Ngaramtoni. Ya majimaji yakae chini na ya unga yakae juu, ili chupa ikivuja isidondokee mfuko wa karatasi. Shelfu ziwe za chuma, zisiwe za mbao inayonyonya. Na chakula kisiwe humo, hata kwa usiku mmoja.

Raki za chaga

Sasa tuseme una foklifti na mzigo wako unakuja kwenye chaga. Ile ya kawaida, yenye safu moja ya chaga kila upande wa njia, ndiyo ninayopendekeza kwa ghala la kwanza, kwa sababu kila chaga inafikiwa bila kuhamisha nyingine. Unaweza kuanza na ngazi tatu ukaongeza, unaweza kusogeza boriti ukibadilisha bidhaa, na ukihama unaifungua ukaondoka nayo.

Muuzaji atakuonyesha pia raki ya kuingia ndani, ambamo foklifti inaingia katikati ya nguzo na kupanga chaga moja nyuma ya nyingine. Inaweka mzigo mwingi zaidi kwenye eneo lilelile. Lakini chaga iliyoingia mwisho ndiyo inayotoka kwanza, na ile ya mwanzo inabaki ndani kabisa hadi zote za mbele yake ziondoke. Kwa kreti tupu za soda, chumvi, au bidhaa moja inayoondoka yote kwa mkupuo, haina shida. Kwa mbegu, maziwa, dawa au chochote chenye tarehe ya mwisho, unajinunulia hasara. Zipo zenye magurudumu na mteremko mdogo, chaga inaingilia nyuma na kuteleza yenyewe hadi mbele, na hizo hutunza utaratibu wa kinachoingia kwanza kutoka kwanza. Gharama yake ni kubwa, zinahitaji chaga zisizo na ubao uliolegea, na chaga tulizonazo wengi ni za kuokoteza. Nondo, mabomba na mbao ndefu zinataka raki ya mikono, yenye nguzo nyuma na mikono iliyonyooshwa mbele bila kizuizi. Hilo halina mjadala mrefu.

Mjadala uko kwenye njia. Chukua ghala lenye upana wa mita 12. Foklifti ya kawaida, ile yenye uzito wa kusawazisha nyuma, inahitaji njia ya mita 3.5 hadi 4 ili igeuke na chaga. Weka safu moja ukutani yenye kina cha mita 1.1, njia ya mita 3.7, safu mbili zilizopeana mgongo mita 2.3, njia nyingine ya mita 3.7, na safu ya mwisho ukutani mita 1.1. Jumla ni mita 11.9. Umeenea, lakini tazama: mita 7.4 kati ya 12 ni njia tupu.

Muuzaji wa mashine atakuja na foklifti ya kusimama, inayonyoosha uma, ambayo hutosheka na njia ya mita 2.8 hivi. Inasikika kama wokovu. Piga hesabu tena: 1.1, 2.8, 2.3, 2.8, 1.1, jumla mita 10.1. Umebakiwa na mita 1.9, na mita 1.9 haitoshi safu nyingine na njia yake. Idadi ya chaga imebaki palepale, na umenunua mashine inayotaka sakafu laini iliyosawazika, wakati mlangoni kwako kuna changarawe. Ghala likiwa na upana wa mita 16 au 18 habari inaweza kubadilika. Ndiyo maana mchoro wa sakafu, hata wa penseli kwenye karatasi ya mraba, uje kabla ya mashine na kabla ya raki.

Boriti ya kwanza

Kama kuna jambo moja ambalo natamani kila mtunza stoo alijue, ni hili. Nguzo ya raki ni bati jembamba lililokunjwa. Haishindwi kwa kusagika. Inashindwa kwa kupinda ubavuni. Boriti zinaishikilia kila zinapoungana nayo, na kipande kilicho hatarini zaidi ni kile cha chini, kutoka sakafuni hadi boriti ya kwanza, kwa sababu hicho ndicho kinachobeba uzito wa ngazi zote za juu. Kwa nguzo nyembamba, urefu usioshikiliwa ukiongezeka mara mbili, uwezo wake wa kustahimili kupinda hushuka hadi kama robo.

Ghalani inatokea hivi. Chaga mpya zimekuja ndefu kuliko za zamani, haziingii chini ya boriti ya kwanza iliyo mita 1.5. Kijana anapanda, anang'oa pini, anaitoa boriti, na sasa boriti ya kwanza ni ile iliyokuwa ya pili, mita 3 kutoka sakafuni. Kazi ya dakika kumi. Hakuna kilichoanguka, chaga zimeingia, bosi amefurahi. Lakini raki iliyouzwa ikiwa na uwezo fulani sasa imebaki na sehemu ndogo tu ya uwezo huo, na juu yake kuna mzigo uleule. Kisha siku moja foklifti inagusa nguzo kidogo tu.

Kwa hiyo boriti isihamishwe, juu wala chini, bila kurudi kwenye jedwali la uzito la mtengenezaji, ambalo hutoa namba tofauti kwa kila kimo cha boriti ya kwanza. Muuzaji asiyekuwa na jedwali hilo anakuuzia chuma cha kilo. Na pini ndogo inayofunga boriti kwenye nguzo isikosekane hata moja. Uma wa foklifti ukipanda vibaya huinua boriti kutoka kwenye matundu yake, na pini ndiyo inayoizuia kutoka.

Sakafu na ardhi yetu

Raki ya ngazi tatu za boriti, kila ngazi chaga mbili za kilo 1,000, inabeba kilo 6,000 kwa kila nafasi iliyo kati ya fremu mbili za nguzo. Fremu ya katikati inapokea nusu ya nafasi ya kushoto na nusu ya kulia, yaani kilo 6,000 tena, na ina miguu miwili. Kila mguu unakanyaga kwa kilo 3,000. Kitako chake kikiwa sentimita 10 kwa 10, ni kilo 30 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Pale safu mbili zinapopeana mgongo, miguu miwili iko karibu karibu, na kilo 6,000 zinashuka kwenye eneo unaloweza kulifunika kwa gazeti.

Magunia yaliyotandazwa hayafanyi hivyo, yanagawa uzito. Sakafu nyingi za maghala ya kukodi zilimwagwa zikifikiriwa magunia na malori, na chini yake hujui kuna kokoto zilizoshindiliwa au kifusi. Mwenye jengo kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua zikija, awe makini zaidi, maana sakafu yake inaweza kupanda upande mmoja na kushuka mwingine kila mwaka, na mguu wa raki unafuata. Muombe mwenye nyumba mchoro wa sakafu. Kama hana, mlipe mhandisi atoboe na kupima unene. Bolti za kufungia miguu zisitobolewe kwenye ufa wala kwenye kiungio cha vipande viwili vya zege.

Tena tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Julai 2007 mfululizo wa matetemeko yaliyoanzia karibu na milima Gelai na Oldoinyo Lengai, kubwa lake likifikia 5.9, uliwatoa watu nje ya nyumba zao Arusha na kusikika hadi Nairobi. Wauzaji wengi huleta michoro iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi zisizotetemeka. Uliza wazi: hesabu hii imezingatia tetemeko? Ukiona muuzaji anashangaa, ujue haikuzingatia. Kila mguu ufungwe sakafuni, vyuma vya mshazari visipungue, vizito vikae ngazi za chini, na chaga za juu zifungwe kwa nailoni au mikanda, kwa sababu raki yenyewe ikibaki imesimama, katoni zitaruka. Na usifunge raki kwenye ukuta wa jengo ukidhani unaiimarisha. Ukuta na raki hucheza tofauti, kimoja kitakivuta kingine.

Ukinunua za mtumba

Raki za mtumba hupatikana Dar es Salaam, na nyingine huvuka Namanga au Holili kutoka Kenya. Zinaweza kuwa nzuri sana. Ubaya wake mkubwa ni kuchanganywa: boriti ya mtengenezaji mmoja inaingia kwenye nguzo ya mwingine kwa kulazimishwa na nyundo, na jedwali la uzito la yeyote kati yao halitumiki tena.

Nenda na rula ya chuma iliyonyooka yenye urefu wa mita moja. Iweke ubavuni mwa nguzo, katikati ya rula iwe kwenye mbonyeo, na upime nafasi. Utaratibu wa Ulaya wa kukagua raki unaruhusu milimita 3 kama nguzo imepinda kuelekea mbele au nyuma ya raki, milimita 5 kama imepinda kuelekea upande wa boriti, na milimita 10 kwa vyuma vya mshazari. Zaidi ya hapo imeharibika, na ikizidi mara mbili ya hapo raki ishushwe mzigo wakati huohuo. Milimita 3 ni ndogo, usipopima huioni. Nguzo iliyopinda isinyooshwe kwa nyundo wala kuchomelewa kiraka, maana bati lililokunjwa kiwandani likipashwa moto halirudi na nguvu zake. Badilisha kipande.

Mkaguzi wa OSHA akija, anakuja chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na mwajiri ndiye anayewajibika kwa mzigo ulio juu ya kichwa cha mfanyakazi. Utaratibu niliouona ukifanya kazi ni wa kawaida tu: mtunza stoo anapita kila Jumatatu asubuhi kabla ya lori la kwanza, anatazama miguu, pini na nguzo za kona, anaandika kwenye daftari, na mara moja kwa mwaka anaitwa mtaalamu wa nje. Nguzo za kona za njia ndizo zinazogongwa sana. Ziwekewe kinga ya chuma kizito iliyofungwa sakafuni yenyewe, isiyogusa nguzo.

Kibao cha uzito kiandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mzigo, si kilo peke yake, kwa sababu kibarua wa siku moja anahesabu mifuko. Kwa mfano: "Ngazi moja: kilo 2,000. Chaga mbili tu. Sukari ya kilo 50: mifuko 19 kwa chaga. Boriti ya kwanza iko mita 1.5, isihamishwe." Mifuko 19 badala ya 20 ni kwa sababu chaga yenyewe nayo ina uzito wake, na kibao kikae mwanzoni mwa kila njia, kwenye kimo cha macho, upande anaoingilia dereva.